Kigari cha pembeni kinavuta kushoto, na fundi anataka kuchomelea fremu

"Niko Tanga, nina BMW R80RT ya mwaka 1986. Mwaka jana nilinunua kigari cha pembeni kilichotumika, cha Watsonian, kikaja na kontena kutoka Uingereza bila maelekezo na baadhi ya vifungo havikuwemo. Fundi alikifunga sehemu tatu: mbili chini na moja juu, karibu na kiti. Akaisimamisha pikipiki wima kabisa na magurudumu akayaweka sambamba kwa kamba. Nikifika kilomita 60 kwa saa chombo kinavuta kushoto mpaka mkono unakufa ganzi. Nikishuka kwenye 30 usukani unatikisika. Wiki mbili zilizopita, kwenye kona ya kushoto, gurudumu la kigari liliinuka nikajikuta upande wa pili wa barabara. Fundi anasema atachomelea masikio mawili kwenye fremu ili kikaze, na mengine nitayazoea. Nia yangu ni kumpeleka mama Lushoto. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, hawezi kukaa nyuma ya pikipiki. Je, ni suala la kunyoosha magurudumu tu, au nimenunua kitu kisichofaa? Na nimruhusu achomelee?"

Ndugu yangu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Usimruhusu achomelee. Na mama asipande kwanza. Mfikishie shikamoo yangu na umwambie safari ipo, ila chombo bado hakijawa tayari.

Umenieleza matatizo matatu kana kwamba ni moja. Kuvuta kushoto ni suala la vipimo, na hilo litapona kwa spana na siku moja ya subira. Kutikisika kwa usukani ni suala la sehemu ya mbele ya pikipiki yenyewe. Kuinuka kwa gurudumu ndiyo tabia ya chombo cha namna hii. Hakuna kipimo kitakachoiondoa, na dawa yake ni uzito na mafunzo ya dereva. Lipo pia la nne ambalo umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo lililonitia hofu kuliko yote: kigari kimefungwa sehemu tatu. Ukinyoosha magurudumu leo kwa vifungo vitatu, kesho hayatakuwa pale ulipoyaacha.

Hukununua kitu kibaya. Watsonian wanatengeneza vigari tangu 1912, na kwa kuwa Waingereza huendesha kushoto kama sisi, vigari vyao vya kwao hukaa kushoto mwa pikipiki na abiria anashukia upande wa pembezoni mwa barabara. Hapo umebahatika. Nimeona watu wakiletewa vigari vya Ujerumani au vya Ural ya Urusi vilivyoundwa kukaa kulia. Vile vingemfaa mtu wa Bujumbura au Kigali, kwa sababu kule wanaendesha kulia. Hapa kwetu dereva analazimika kuegesha huku mama yake akishukia katikati ya barabara.

Pikipiki nayo ni nzuri, ila haikuundwa kwa kazi hii. BMW za zamani, zile za kabla ya 1969, zilitoka kiwandani zikiwa na masikio ya kufungia kigari, na foku yao, yaani miguu inayoshika gurudumu la mbele, ya aina iliyoitwa Earles, ilikuwa na nafasi mbili: moja ya pikipiki peke yake, nyingine ya pikipiki yenye kigari. Walipohamia foku za bomba kama yako, masikio yakaondoka. Fremu ya R80RT haina hata sehemu moja iliyoandaliwa kubeba kigari, na ndiyo maana fundi wako ameona njia ya mkato ni kuchomelea.

Sasa nikueleze kwa nini njia hiyo ni mbaya. Bomba la fremu yako lina ukuta mwembamba. Ukichomelea sikio nene juu yake, chuma cha pembeni mwa mshono kinapikwa na moto na kupoteza ule ugumu wake wa kunyumbulika. Kisha kigari kinaanza kazi. Kila shimo, kila breki, kila kona inakitingisha kikivuta na kusukuma lile sikio, maelfu ya mara kwa safari moja. Ufa hauanzii kwenye mshono, ambao unaonekana mnene na imara. Unaanzia milimita chache pembeni, chini ya rangi. Nimewahi kupokea pikipiki iliyochomelewa hivyo, mwenyewe akilalamika tu kwamba inavuta zaidi kila mwezi. Tulipokwangua rangi tukakuta ufa umezunguka zaidi ya nusu ya bomba. Alikuwa amebeba watoto wawili asubuhi ile. Tangu siku hiyo kila chombo cha namna hii kinachoingia kwangu nakikwangua rangi kwanza, mazungumzo baadaye.

Njia sahihi ni fremu ndogo ya nyongeza: chuma kilichoundwa kufuata umbo la fremu ya pikipiki, kikaikumbatia kwa vibano na kushika kwenye bolti kubwa zilizopo tayari, zikiwemo zile zinazopita chini ya injini. Kwenye hiyo fremu ya nyongeza ndiko masikio yanakochomelewa, mezani, kabla haijafungwa. Wako watengenezaji Ulaya wanaoziuza kwa ajili ya BMW za aina yako. Ni ghali, na usafirishaji unaongeza, lakini ukipata moja umemaliza nusu ya kazi. Njia ya pili ni kuiunda hapa hapa. Inawezekana, nami nimeifanya, kwa bomba lisilo na mshono na fundi wa kuchomelea anayejua kufuata mchoro. Mtafute anayechomelea matela ya malori au vyuma vya bandarini, maana kazi ya geti na ya dirisha ni nyepesi mno kulinganisha na hii. Kila kibano kiwe na nusu mbili zinazolikumbatia bomba lote, kwa upana wa sentimita nne au tano. Zile bolti za umbo la U za kubania mabomba zinalibonyeza bomba kwenye mstari mwembamba na kulikata polepole.

Vifungo viwe vinne. Viwili vya chini ndivyo vinavyobeba na kuvuta: kimoja mbele ya injini, kingine nyuma karibu na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapozungukia, na viwe mbali kutoka kimoja hadi kingine kadiri inavyowezekana. Viwili vya juu vinazuia pikipiki isilale: kimoja karibu na shingo ya usukani, kingine chini ya kiti. Hicho cha chini ya kiti kisishike ile fremu nyembamba ya nyuma inayobeba kiti, kwa sababu kwenye R80 ile imefungwa kwa bolti tu na haikukusudiwa kuvumilia msukumo wa pembeni. Inaelekea fundi wako amefunga hapo hapo. Ukiwa na kifungo kimoja tu cha juu, pikipiki inajisokota kuzunguka kifungo hicho kila unapofunga breki. Mwambie mtu akukalie kwenye kiti, wewe ushike kigari na kukitikisa: ukiona pikipiki na kigari vinacheza kila kimoja kivyake, umepata jibu kabla hujachukua futi.

Jambo moja la boksa, yaani injini kama yako yenye silinda moja kila upande, usilisahau. Silinda ya kushoto inachomoza upande ule ule wa kigari. Mkono wa mbele, yaani chuma kinachounganisha kigari na pikipiki, upite mahali ambapo bado utaweza kufungua kifuniko cha valvu na kufikia kabureta, na mguu wako wa kushoto upate nafasi ya kubadilisha gia ukiwa umevaa buti. Kuna watu wamefunga kigari kikakaa vizuri kabisa, halafu kila wanapotaka kurekebisha valvu wanakifungua kigari kizima na vipimo vyote vinapotea.

Tuje kwenye kuvuta. Fundi wako alipanga magurudumu sambamba na pikipiki wima kwa sababu ndivyo jicho linavyoona kuwa sawa. Kwa gari la magurudumu manne, ambalo kushoto na kulia ni pacha, angekaribia kupatia. Chombo chako hakina pacha. Injini inasukuma kwenye mstari wa pikipiki, lakini upande wa kushoto kuna uzito na gurudumu ambavyo havina injini, vinakokotwa tu. Mtu akishika beseni la maji kwa mkono mmoja, mwili unazungukia kwenye beseni. Ndivyo chombo kinavyozungukia kushoto kila unapotia mafuta. Ukiachia mafuta au kufunga breki mambo yanageuka: pikipiki inapungua mwendo, uzito wa kigari bado unataka kwenda mbele, na chombo kinazungukia kulia. Ongeza na barabara zetu, ambazo katikati zimeinuka ili maji yatiririke pembeni. Wewe unaendesha kushoto, kwa hiyo kigari muda wote kiko upande wa mteremko. Kwa vipimo ulivyo navyo, hakuna chombo kisichovuta.

Tunakipoza kwa vipimo vitatu. Cha kwanza ni kutanguliza gurudumu la kigari: ekseli yake ikae mbele ya ekseli ya nyuma ya pikipiki. Pikipiki yako ina karibu mita 1.45 kati ya ekseli mbili, nami ningeanza na milimita 200 hadi 250. Ukikitanguliza kidogo mno, kwenye kona kali ya kulia chombo kinataka kupinduka kwa pua, gurudumu la nyuma la pikipiki linapungua uzito na kuteleza. Ukikitanguliza mno, usukani unakuwa mzito na tairi zinasagika. Cha pili ni kubana mbele: gurudumu la kigari litazame kidogo kuelekea pikipiki, ili wakati wote liwe linakisukuma chombo kulia taratibu. Cha tatu ni kuilaza pikipiki nje, yaani juu yake ielekee kulia, mbali na kigari, kwa digrii moja hadi moja na nusu. Kuna wanaoshauri ilale kuelekea kigari ili "ikiegemee". Wanaokuambia hivyo hawajaendesha. Ukifanya hivyo utavutwa kushoto mara mbili ya sasa.

Siku ya kupima tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa kweli, na uithibitishe kwa pima maji. Jaza upepo tairi zote tatu. Weka mzigo ndani ya kigari unaolingana na safari zako za kawaida, na wewe mwenyewe, au mtu wa uzito wako, akae kwenye kiti muda wote wa kupima. Hili watu wengi hulipuuza. Shokapu zinashuka ukikaa, na pikipiki iliyosimama wima ikiwa tupu inaweza kuwa imelala kushoto ukiwa juu yake. Nadhani na hilo limekukuta.

Kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu utapata mabomba mawili ya pembe nne, ya mita tatu, yaliyonyooka. Moja liweke chini upande wa kulia wa pikipiki, juu ya vipande vya mbao, ligusane na tairi ya nyuma sehemu mbili. Tairi yako ya nyuma ni pana kuliko ya mbele. Kama ni 120 nyuma na 90 mbele, basi mbele patabaki nafasi ya milimita 15 kati ya bomba na tairi, na ni sawa. Usiligeuze bomba mpaka liguse. Jambo la kuhakikisha ni kwamba gurudumu la mbele linatazama mbele moja kwa moja na nafasi hiyo ni ile ile mbele na nyuma ya tairi yake. Bomba la pili liweke ubavuni mwa gurudumu la kigari, upande wa nje. Sasa pima umbali kati ya mabomba mawili usawa wa ekseli ya mbele, kisha usawa wa ekseli ya nyuma. Kipimo cha mbele kiwe kifupi kuliko cha nyuma kwa milimita 15 hadi 20. Anza na 18. Ukipita 25 tairi zitalika vibaya, ya kigari kwanza: ipapase kwa kiganja baada ya safari, ukisikia kingo zenye makali kama msumeno upande mmoja, umebana kupita kiasi.

Kwa ulazaji, tumia timazi. Ining'inize usawa wa rimu ya nyuma, ambayo kwako ni ya inchi 18, na upime tofauti kati ya ukingo wa juu na wa chini wa rimu. Milimita 8 ni digrii moja. Milimita 12 ni moja na nusu. Unarekebisha kwa kuzungusha mikono ya juu, na hapo utagundua kwa nini nilisema siku moja: ukigusa ulazaji, ubanaji unasogea, na ukigusa ubanaji, utangulizi unasogea kidogo. Zunguka mara tatu au nne mpaka vyote vitulie. Andika kila kipimo kwenye daftari. Hakikisha pia kila skrubu ya kurekebishia imeingia ndani ya chuma chake angalau mara moja na nusu ya unene wake. Ikiwa umeitoa nje mno ili kupata kipimo, mkono ni mfupi na unahitaji mwingine, maana kigari chako kilikuwa kwenye pikipiki nyingine na mikono yake ilikatwa kwa ajili ya hiyo.

Kisha nenda kwenye barabara tupu, mchana, bila mtu ndani ila mzigo. Kwenye kilomita 60 legeza mikono bila kuachia usukani. Kikivuta kushoto kidogo kwenye barabara yenye mgongo na kikanyooka kwenye barabara iliyo sawa, umefika. Kikivuta kushoto kote, simama kwanza uguse ngoma ya breki ya kigari: ikiwa ya moto, breki inashika na vipimo havina kosa. Ikiwa ya baridi, ongeza ulazaji nusu digrii. Usiguse vitu viwili kwa pamoja, hutajua kilichosaidia. Na ujue huwezi kupata chombo kinachonyooka kwa mwendo wote. Unachagua mwendo mmoja, ule unaousafiria zaidi, na chini au juu ya hapo mikono yako inafanya kazi kidogo. Hiyo sehemu ndogo ndiyo utakayoizoea. Mkono kufa ganzi siyo jambo la kuzoea.

Kuhusu usukani kutikisika. Tazama magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali: yanafuata nyuma ya mhimili wake, na ukisukuma haraka yanapigapiga. Gurudumu la mbele la pikipiki linafuata hivyo hivyo, na kwa pikipiki ya safari ufuasi huo ni zaidi ya milimita 100, ili inyooke kwenye mwendo mkubwa. Ukiongeza kigari, ufuasi huo huo ndio unaoufanya usukani kuwa mzito, na kwenye mwendo wa 20 hadi 40 gurudumu linapata nafasi ya kupigapiga. Anza na vya bei rahisi: beringi za shingo ya usukani zikiwa zimelegea au zina mashimo, usukani utatikisika hata uweke nini. Inua mbele kwa jeki, shika miguu ya foku, ivute na kuisukuma. Kisha upepo wa tairi, kisha umri wake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 1109 ni wiki ya 11 ya 2009, na tairi hiyo, hata ikiwa na meno mazuri, itoe. Ya kigari usiache kuikagua, kwa sababu vigari hukaa bandani miaka mingi huku tairi ikikauka.

Vyote vikiwa salama na bado inatikisika, funga damperi ya usukani, ile shokapu ndogo inayolala kati ya foku na fremu. Wapo watakaokushauri ubadilishe foku nzima uweke ya mikono inayoegemea mbele, inayopunguza ufuasi. Ni kweli usukani unakuwa mwepesi ajabu, na kwa mtu wa safari ndefu ni fedha iliyotumika vizuri. Lakini foku hiyo haiondoi kutikisika kwa mwendo mdogo. Mara nyingi inazidisha kutikisika huko, na damperi utaihitaji vilevile. Usiinunue kwa sababu isiyo yake.

Sasa lile la gurudumu kuinuka. Wengi wanadhani magurudumu matatu ni usalama, kwa kuwa wamezoea bajaji na guta. Chako ni tofauti na hivyo, kwa kuwa uzito mwingi umekaa upande mmoja. Kwenye kona ya kulia kigari kinakuwa mguu wa kuegemea. Kwenye kona ya kushoto hakuna kinachokizuia kisipae isipokuwa uzito wake mwenyewe. Kikipaa, dereva anashtuka na kunyoosha usukani. Gurudumu linatua, ila chombo kimeacha kona na kwenda kulia, kwenye uso wa lori. Hicho ndicho kilichokupata, nawe umshukuru Mungu barabara ilikuwa tupu.

Fikiria basi barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 hivi za kona zisizoisha, nyembamba, mabasi yakija. Kupanda si tatizo kubwa: mwendo ni mdogo, na ukitia mafuta kwenye kona ya kushoto chombo kinazungukia kushoto chenyewe, kinakusaidia. Kushuka ndiko kwenye hatari. Unashuka kutoka Soni, mafuta umeachia, breki umeshika, na kona ni ya kushoto. Breki inakizungusha chombo kulia. Kona inakiinua kigari. Mambo mawili yanakusukuma upande mmoja, ule wa magari yanayopanda. Kwa hiyo mwendo unapunguzwa kabla ya kona, pikipiki ikiwa imenyooka, kwa gia ya chini. Ndani ya kona ya kushoto unatia mafuta kidogo tu, kuondoa ule mzunguko wa kulia. Na mwili unauhamisha kushoto kabla hujaingia.

Breki ya kigari inasaidia hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndiyo pekee inayovuta kushoto wakati breki nyingine zinazungusha kulia. Ikiwa kigari chako kina ngoma ya breki, iunganishe na pedali ya nyuma, na uirekebishe ishike kwa kuchelewa kidogo nyuma ya breki ya pikipiki. Ikiwa hakina, mimi singempeleka mzazi wangu Lushoto nacho.

Uzito nao: ukiwa peke yako weka kilo 40 hadi 50 za mchanga kwenye mfuko, sakafuni mwa kigari, upande wa gurudumu, na ufungwe mkanda usihame. Mama akipanda unautoa. Kabla ya hapo tafuta kiwanja kipana, utoe mzigo, uzunguke kushoto duara kwa mwendo wa mtu anayekimbia, ukikaza duara polepole mpaka gurudumu liinuke kidogo kwa makusudi. Lishushe kwa kupunguza mafuta taratibu. Rudia mpaka lisikushtue tena. Mkono wako umezoea kusukuma usukani upande ule ule unaoelekea ili pikipiki ilale. Hapa pikipiki hailali, unageuza usukani kama wa gari, na desturi hiyo ya zamani inakurudia hasa unaposhtuka. Kilomita 300 peke yako kabla ya abiria wa kwanza si nyingi.

Vidogo vilivyobaki: bolti zote za vifungo ziwe na alama 8.8 au 10.9 kichwani, na zisizo na alama ziache dukani. Baada ya kukaza piga mstari wa rangi kwenye kila nati, ukague baada ya kilomita 50 na tena 200. Indiketa ya kushoto ihamie kwenye kigari. Mama avae helmeti hata kama yuko ndani. Na usajili uko TRA, kwa hiyo nenda na kadi ukaulize kuhusu badiliko la umbo kabla ya kuingia barabara kuu, na kampuni yako ya bima ujulishe kwa maandishi.

Yako mambo ambayo mimi kwa kusoma tu siwezi kuyaamua, na hapo unahitaji mtu anayeshika chuma kwa mkono: ukikwangua rangi ukakuta ufa wowote, kwenye pikipiki au kwenye kigari, ikiwa fremu ya kigari imepinda, jambo la kawaida kwa kilichowahi kugongwa, au ikiwa kubana mbele kunagoma kushuka chini ya milimita 25 hata mikono ikiwa imeisha kurekebishwa. Kwa lolote kati ya hayo kigari kifunguliwe siku hiyo hiyo, pikipiki itembee peke yake.

Na ukihesabu gharama ukaona fremu ya nyongeza, tairi na breki vinazidi uwezo wa sasa, mpeleke mama kwa gari dogo mwaka huu. Kigari hakiozi kikifunikwa vizuri. Ukiendelea nacho, funga kifungo cha nne kwanza kabla ya kugusa kipimo chochote, kisha niandikie namba tatu, za kutanguliza, kubana na kulaza, ukiwa umezipima umekaa kwenye kiti, pamoja na kilo za mama na zako.